Nyumba Iliyofungwa kwa Tandubaya

Kisangani, Kabondo, 14 Machi 2022

Mjomba, tonton wangu Mahmoudi, salaam aleikum kutoka nyumbani.

Barua hii naiweka mikononi mwa Évariste, jirani yetu anayepakia mizigo uwanja wa ndege wa Bangboka. Yeye atampa mfanyabiashara anayeruka kwenda Goma, na kutoka huko itashuka ziwa baada ya ziwa mpaka kwako Ujiji. Ungekubali kununua simu ya kioo ungeisoma leo, lakini najua utasema simu ni ya watu wasiomaliza sentensi. Bon. Nakuandikia kwa Kiswahili cha darasani. Ulinifundisha mwenyewe, kwa hiyo makosa yote ni yako.

Tumemaliza arobaini ya mama. Watu walijaa. Hata wakwe wa Alfani walikuja kwa mtumbwi kutoka Yanonge na samaki wa moshi. Wengi waliuliza kama kaka wa marehemu amefika. Niliwajibu kwamba njia ni mbaya. Bibi Sara, shangazi yako, ni mzima. Macho yamekwisha kabisa, lakini ulimi uko vilevile ulivyouacha. Juzi alirudisha pondu jikoni akisema majani yale ya muhogo yamepikwa na mtu mwenye kinyongo. Ilikuwa kweli.

Kinyongo chenyewe ni cha nyumba ya mama. Alfani, mtoto wa marehemu kaka yako, alikuja baada ya arobaini na kijitabu kilichochapwa na shirika moja la Kinshasa linalojiita Mizizi Yetu. Kinaitwa *Mila za Waungwana wa Mto*, yaani sisi. Kwenye jalada kuna picha ya ngoma kubwa ambayo sijawahi kuiona katika nyumba yoyote ya hapa. Alifungua ukurasa aliokuwa ameukunja pembe, akanisomea kwa sauti ya khutba:

“Tandubaya. Desturi ya kale. Mwanamke mwenye nyumba akifariki, mwanaume mkubwa wa ukoo aliyepo huchukua ufunguo wa mlango mkubwa. Nyumba hufungwa mpaka mto ujae na upungue, ndipo yeye peke yake huamua nani ataingia. Imethibitishwa na wazee saba wa Kisangani.”

Kisha akanyoosha mkono. Wazee waliokaa barazani wakatikisa vichwa, kila mmoja kwa huzuni yake. Nikatoa ufunguo, tonton. Macho yangu yalikuwa bado ya kilio, na neno lile lilikuwa zito mno, nikaona haya kuuliza.

Kesho yake nilikuwa nachambua mchele, nikalisikia tena neno lile, safari hii kwa sauti yako. Ulikuwa unatusomea darasani hadithi uliyoiandika, *Mlango wa Bwana Kheri*. Bwana Kheri, yule mwizi mwenye kanzu safi, anasimama katikati ya matanga na kubuni desturi papo hapo ili ale nyumba ya dada yake, na hakuna anayethubutu kumuuliza. Tulicheka mpaka mwalimu wa darasa la pili akaja kugonga dirisha.

Tonton, neno hili ni lako, au uliliokota kwa wazee? Kama ni lako, andika karatasi, tia sahihi. Baraza la mtaa litakaa baada ya Ramadani. Mashine yangu ya kushona imefungiwa ndani ya saluni, sebuleni kwa mama. Mimi, wanangu na Bibi Sara tunaishi vyumba vya nyuma, tunapitia jikoni, na Alfani amekwisha kumwonyesha saluni mtu anayetafuta duka la vipuri vya pikipiki.

Mtoto wa dada yako,
Kadidja


Ujiji, 19 Aprili 2022

Mwanangu Kadidja, nakurudishia salamu zako zikiwa nzima, na nyingine juu yake.

Nafunga Ramadani kwa afya ya kuazima. Goti la kulia linanitangazia mvua kabla ya redio. Hapa Ujiji jioni watu hukaa nje kula futari, na mtu akinisikia nikizungumza huniuliza kwa upole kama mimi ni Mkongo. Babu zetu walipita hapa wakienda huko kwenu na bunduki na shanga. Mimi nimerudi kwa njia ileile na begi moja lenye kamusi. Sijui nani kati yetu alifanya biashara mbaya zaidi.

Msibani kwa dada yangu Aïcha mlisoma nini? Alikuwa akipenda Yasin isomwe polepole. Nilimsomea peke yangu hapa.

Nimesoma kwa makini ukurasa ulioninakilia. Niambie, neno limechapwa kwa herufi nzito au za kulala? Ni jambo dogo, lakini nataka kujua. Maneno “mpaka mto ujae na upungue” ni yangu, kutoka sura ya tatu, ila mimi niliandika “ujae, upungue”, na mkato ule ndio uliokuwa na pumzi. Hawa watu wa Mizizi wameung’oa. Pia “mwanaume mkubwa wa ukoo aliyepo” si sentensi ya mtu aliyesoma. Bwana Kheri alikuwa mwizi, lakini alisema vizuri.

Kitabu kile tulikizungusha kwa mkono katika mashine ya shule, kurasa zikatoka na wino wa zambarau. Nilidhani nakala zote ziliungua au zilifungiwa karanga katika siku zile sita za mwaka elfu mbili, majeshi ya watu wengine yalipopigana juu ya paa zetu na sisi tukatawanyika. Kumbe moja iliokoka na kwenda Kinshasa. Fikiria. Neno limerudi mjini kabla yangu.

Kuhusu karatasi unayoniomba, twende taratibu. Kuwaita wazee saba waongo kwa barua, kutoka ng’ambo ya ziwa, si jambo la kukurupukia. Huenda baraza lenyewe likaona upuuzi huu bila msaada wangu. Kuhusu safari, tutazungumza mvua zikipungua.

Mpe Bibi Sara salamu. Usimwambie kwamba nimekonda.

Tonton wako,
Mahmoudi


Kisangani, 30 Mei 2022

Tonton, amani iwe kwako na kwa goti lako.

Idi tulikula vizuri, mchele na mbuzi wa jirani. Mtoto wangu mkubwa amefaulu mtihani. Bibi Sara nilimpa salamu, akasema: “Amekonda, yule.” Sikumwambia kitu.

Uliuliza kuhusu herufi. Ni nzito, tonton, nyeusi kabisa. Na sasa ziko nyekundu pia. Wiki iliyopita Alfani alikuja na kopo la rangi, akaandika ukutani upande wa barabara, kwa herufi ndefu kama mkono wangu: NYUMBA IKO MU TANDUBAYA. Waendesha toleka wanapunguza mwendo wa baiskeli kuwasomea abiria. Hujawahi kuchapwa kwa ukubwa huo. Mkato hakuna.

Nilimkuta ngazi iko ukutani bado.

“Alfani,” nikamwambia, “tandubaya maana yake nini?”

“Imeandikwa pale.”

“Minajua imeandikwa. Nakuuliza wewe.”

“Kadidja, ile iko neno ya bankambo, babu zetu. Haielezwaki hivi hivi barabarani.” Kisha akanisihi nishike ngazi, kwa sababu upande mmoja ulikuwa unazama kwenye mchanga. Nikashika. Sijui kwa nini nilishika.

Donc nikaenda kwa Papa Daudi, yule fundi saa wa karibu na msikiti. Yeye ni mmoja wa wale saba. Nilimpelekea maandazi, nikangoja mteja wake aondoke.

“Papa, wewe mwenyewe uliona tandubaya ikifanywa?”

Akapuliza vumbi ndani ya saa ambayo haikuwa na vumbi. “Bale bijana ba Mizizi balikuja na soda,” akasema. “Baridi kabisa. Bakatukalisha saba, bakatuuliza: ‘Bazee, tandubaya munaijua?’ Ungejibu nini, mutoto? Wa kwanza akasema anaijua. Wa pili akasema anaijua sana. Mimi nilikuwa wa tano. Niseme siijui, kesho batu baseme baba yangu alifika hapa na treni?”

“Basi sema hivyo kwa baraza.”

“Hapana. Nilikuambia wewe. Kwa baraza, ninaijua.”

Umeona ilivyo. Kila mmoja anaogopa kuwa mwungwana wa juzi. Hapo ndipo neno lako linapokaa na kula. Na wewe unanililia mkato.

Nimeshona gauni mbili kwa mkono mwezi huu. Vidole vyangu ukiviona utafikiri nimepigana na nungunungu. Baraza limesogezwa mpaka Julai. Sikuombi maoni juu ya mtindo, nakuomba karatasi yenye sahihi. Na kama mvua zimepungua huko, huku tumeambiwa njia ni kavu.

Kadidja


Ujiji, 25 Juni 2022

Kadidja, mwanangu, barua yako imefika na mafuta ya maandazi, na imenichoma panapostahili.

Afya yangu ni ileile. Hapa kwetu hakuna jipya ila bei ya dagaa. Hongera kwa kijana. Mwambie asisome sana hadithi.

Nitakuambia neno lilivyozaliwa. Nilikuwa nasahihisha madaftari Jumapili moja nyumbani kwa mama yako, katika saluni hiyohiyo iliyofungwa. Nilihitaji neno la Bwana Kheri. Nilijaribu mengi, yote yalikuwa na maana, na maana ndiyo iliyokuwa ikiyaharibu. Nilitaka neno ambalo mtu akilisikia ataona haya kuuliza. Nikalitamka kwa sauti, “tandubaya”, na mama yako aliyekuwa akipiga pasi akasema, “Ndiyo, lakini siku hizi watu hawaifuati.” Nikajua nimelipata.

Alicheka nilipomwambia ukweli. Wewe ulikuwa na miaka michache, ukila kipande cha muwa chini ya meza.

Nilichelewa kukujibu sawasawa kwa sababu nilifurahi. Zaidi ya miaka ishirini hakuna mtu mjini mwangu aliyesema kitu changu chochote, na ghafla wanakisema wazee saba. Basi. Karatasi hii hapa:

“Mimi Mahmoudi, mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Kisangani, nathibitisha kwamba neno tandubaya, na desturi inayoelezwa kwa jina hilo, nilivibuni mimi mwenyewe katika hadithi ya kuchekesha. Sikuvisikia kwa mzee yeyote. Katika hadithi hiyo aliyeitaja desturi hiyo ni mwizi, na katika sura ya mwisho anafukuzwa na wafiwa. Anayeitumia kuchukua nyumba ya marehemu dada yangu Aïcha kutoka kwa mwanawe Kadidja anaitumia bila haki.”

Nimeweka sahihi na dole gumba, kwa wasioamini mojawapo. Isome mbele ya watu. Natamani kuona uso wa Alfani, lakini goti.

Tonton wako,
Mahmoudi


Kisangani, 7 Agosti 2022

Tonton, nakusalimu nikiwa nimechoka lakini nimesimama.

Sote wazima. Homa ilipita nyumbani, ikamgusa kila mtu isipokuwa Bibi Sara. Nadhani nayo iliogopa.

Baraza lilikaa uani kwa chefu wa mtaa, Papa Dominique, ambaye ni mtu wa Isangi na anatuchukulia sisi Waislamu wa Kabondo kama jirani anayechukulia ugomvi wa jirani. Wazee wote saba walikuwa wamevaa kanzu. Alfani alikaa upande wa pili na kijitabu chake gotini, na mkewe Simone alikuwa nyuma kwa wanawake. Papa Dominique alisoma karatasi yako yote kwa sauti, pamoja na dole gumba.

Halafu Papa Daudi akasema, kwa huruma kabisa: “Mahmoudi aliondoka zamani. Amesahau.”

Mwingine akasema: “Alisikia kwa bibi yake akingali mutoto. Sasa anafikiri iko yake. Bazee banafanyaka vile.”

Alfani akasimama. “Chefu, tonton mwenyewe ameandika kama alitunga mambo ya uongo. Ameweka sahihi. Sasa mutu akikuambia kazi yake iko kusema uongo, unamwamini namna gani?”

Watu wakacheka, tonton. Hata mimi nilikaribia kucheka. Papa Dominique akasema: “Ile iko logique.” Na Papa Daudi akamalizia: “Kama Mahmoudi iko na neno, akuje akae hapa na sisi. Karatasi haina macho.”

Nilikwenda na silaha moja tu, na walikuwa wameitafuna. Niliuona akilini mlango wa mama na yule mtu wa vipuri akitundika minyororo pale mama alipotundika pazia. Nikasimama kabla sijajua nitasema nini.

“Bazee,” nikasema, “nimekubali. Tonton amekosa. Tandubaya iko. Lakini Alfani alichukua ufunguo tu. Kilandamo yake iko wapi?”

Papa Daudi alivua miwani, akaipangusa kwa pindo la kanzu, akaivaa tena. “Kweli,” akasema. “Kilandamo.”

“Kilandamo ni nini?” akauliza Papa Dominique. Yeye ni wa Isangi, kuuliza hakumpunguzii kitu.

“Papa Daudi, umueleze chefu,” nikasema.

“Eleza wewe, mutoto. Sauti yangu leo iko mbaya.”

Nikaeleza. Nikasema anayechukua ufunguo hauchukui mtupu. Anamchukua pamoja nao mwanamke mzee kuliko wote katika nyumba, anamweka kwake, anampa chakula anachotaka, mpaka mto ujae na upungue. Akishindwa akamrudisha, anarudisha na ufunguo, na hauombi tena. “Ni vile, bazee?”

“Njo vile,” akasema Papa Daudi. “Bila kilandamo ile si tandubaya. Iko wizi.” Wale sita wakaitikia kwa vichwa, na mmoja akakumbuka babu yake akimvusha bibi mmoja kwa mtumbwi kutoka Lubunga, bibi amekaa na ufunguo shingoni.

“Iko wapi mu kitabu?” Alfani akalia.

“Kitabu iko kidogo,” Papa Daudi akamjibu.

Hakuna mtu uani pale asiyemjua Bibi Sara. Simone alisimama, akafunga vizuri kitambaa chake cha kichwa, akaondoka bila kuaga. Papa Dominique akamwambia Alfani achague: ufunguo na bibi, au aache vyote. Alfani akaomba muda wa kufikiri. Akapewa mpaka mto ujae, kwa kuwa ndivyo desturi inavyotaka.

Ninafikiri utakasirika. Andika hivyohivyo.

Kadidja


Ujiji, 12 Septemba 2022

Kadidja, salamu, na heshima ambayo mwalimu huitoa mara moja tu.

Hapa jua ni kali, ziwa limelala kama shuka. Nimeanza kutembea na fimbo. Watoto wa mtaa wanadhani ni cheo.

Nimekasirika kidogo. Nilitunga neno kumcheka mwizi, nikapata wafuasi wa mwizi. Nikasema ukweli kwa sahihi na dole, nikaitwa msahaulifu. Wewe ukasimama bila kujua utasema nini, ukapata wazee saba kwa pumzi moja, na bibi wa mtumbwini kama zawadi. Nilifundisha miaka mingi jinsi ya kujenga hoja. Naona nilikuwa napoteza chaki.

Kama fundi mwenzako, nasema neno lako ni zuri kuliko langu. Langu linafunga mlango tu. Lako linatembea na mtu. Ndiyo maana ninaliogopa: ulimwekea Alfani kizuizi, lakini umemtia Bibi Sara katika mzani bila kumuuliza. Itakuwaje Alfani akikubali? Mtu anayetaka duka huvumilia mengi. Bwana Kheri wangu angekubali siku ileile, angemfungia bibi chumba cha nyuma na redio.

Umeuliza kama nitakuja? Hapana, safari hii hukuuliza. Nimeisoma barua mara kadhaa kuhakikisha.

Mahmoudi


Kisangani, 20 Novemba 2022

Tonton, salaam kutoka kwa watu wote wa nyumba hii, na mmoja wao ametaka nimwandikie neno lake mwenyewe. Nitafika huko.

Mto umejaa mpaka kwenye ngazi za bandari. Watoto wanasoma. Mimi ninashona tena, na sasa nitakueleza imekuwaje.

Ulibashiri sawa. Mwanzoni mwa mwezi Alfani alikuja na toleka mbili, moja ya bibi, moja ya mzigo. Mtu wa vipuri alikuwa amemchosha. “Nimekuja kufanya kilandamo,” akasema mbele ya majirani, na kanzu yake ilikuwa safi, tonton, uliichora vizuri. Nikaingia ndani kumwomba bibi msamaha, nikamweleza kwamba nilitunga, kwamba nitakwenda baraza kusema hivyo, hata nikipoteza nyumba. Hakunisikiliza. Aliuliza kwa sauti, kupitia dirisha:

“Alfani. Kwenu munakula nini?”

“Nyama, bibi.”

“Kila siku?”

“Karibu kila siku.”

“Nipe kitenge kile cha bluu,” akaniambia.

Akaenda naye, na hakumaliza wiki huko. Habari zake zilinifikia kwa wateja. Siku ya kwanza alisema kwanga ya Simone ni muhogo wenye ladha ya sabuni. Siku ya pili wanakwaya wenzake Simone walikuja kufanya mazoezi, na bibi akawaimbia kasida kwa sauti kubwa zaidi mpaka wakahamia kwa jirani. Kisha yule mtu wa vipuri akaja kutia sahihi. Bibi akaomba akae karibu naye. Akamshika mkono, akamsimulia kwa mpangilio kila kitu ambacho Alfani alikiiba tangu akiwa na meno ya maziwa, kuanzia sukari ya msikitini mpaka baiskeli ya marehemu baba yake, na akataja nani alilaumiwa mahali pake kila mara. Yule mtu alikumbuka ana safari ya Basoko. Hajarudi.

Ijumaa Simone aliweka godoro la bibi nje. Wakaja wakipita katikati ya barabara, Bibi Sara amekaa juu ya toleka kama mke wa gavana, na Alfani nyuma kwa miguu, godoro kichwani. Walipofika chini ya ule ukuta wenye rangi nyekundu akatua mzigo, akatoa ufunguo. “Kadidja,” akasema, “chukua. Na yeye pia, chukua.” Alikuwa mtu aliyekonda kwa siku chache. Papa Daudi alikuwa anapita. Akasema kwa sauti ya watu wote kwamba amerudisha bibi, amerudisha ufunguo, na hauombi tena. Alfani akaitikia, “Sitaomba.” Papa Dominique ameiandika na kupiga muhuri.

Sasa sikia mengine. Mizizi Yetu wamechapa tena kijitabu. Kilandamo imo, kwa herufi nzito, na yule bibi wa mtumbwini amewekewa mchoro. Na safari hii desturi imethibitishwa na wazee wanane. Wa nane ni “Mzee Mahmoudi wa Ujiji, kwa maandishi yenye sahihi na dole gumba.” Karatasi yako waliipata kwa chefu. Inaonekana waliisoma kama kawaida yao.

Nilimuuliza bibi nikimvua viatu: “Bibi, wewe tandubaya uliijua?”

“Hakuna kitu kama kile. Nimelilia maiti ya nyumba zote za hapa.”

“Mbona hukusema tangu mwanzo?”

“Nani aliniuliza? Soda bilipewa banaume.”

Lakini ufunguo hajanipa, tonton. Aliudaka mkononi mwa Alfani kabla yangu, na mtu asiyeona sijui aliuona vipi. Ameufunga shingoni. Asubuhi ananifungulia saluni nishone, jioni anafunga. Nikimwomba anasema tandubaya ni tandubaya, imechapwa, ufunguo ni wa mwanaume mkubwa wa ukoo. Nikamwambia mkubwa hayupo. Hapo ndipo aliponiagiza niandike hivi, kama alivyosema: “Mahmoudi akuje achukue kwa mukono yake. Asitume mutu. Asitume karatasi.”

Nimemaliza. Chumba chako kina vitambaa vyangu vya kushonea, lakini vinaondoka kwa nusu saa.

Kadidja


Ujiji, 18 Desemba 2022

Kadidja, salamu ni fupi leo kwa sababu nafunga begi.

Njia uliyowaambia watu wa arobaini kuwa ni mbaya, watu wanaipita kila wiki na kuku wao. Nimeulizia. Kuna boti ya kwenda Uvira baada ya mwaka mpya, kisha barabara hadi Bukavu, kisha ndege. Goti nitalibeba kama lilivyo.

Mwambie Bibi Sara kwamba nitachukua ufunguo kwa mkono wangu na kuuweka katika mkono wako mbele yake, na kwamba hiyo si desturi, ni mimi tu nimeamua. Nataka kwanza nionyeshwe Aïcha amelala wapi. Halafu nikae saluni pale alipokuwa akipiga pasi, mtu asiniulize kitu.

Mwingine usimwambie kwamba ninakuja, hata Papa Daudi, hata Évariste wakati wa kupokea mizigo. Wale wa Mizizi wakisikia watafika na soda baridi, na kabla sijavua viatu nitakuwa nimeshakuwa desturi ya kale: kurudi kwa mzee, masharti yake, na wazee tisa walioithibitisha. Jirani akiuliza ni nani huyu aliyeingia na fimbo, sema ni fundi wa vitasa.

Mahmoudi